Daftari la Bendi

Kila muhula nasoma katika gazeti letu habari za safari, za mashindano ya mpira na za shamba la shule, na kila nisomapo hujiuliza nami nitaandika nini. Sijapata kusafiri kupita Dar es Salaam, na katika mpira mimi hukaa upande wa washangiliaji. Lakini mwaka jana nalipewa kazi ambayo sikuiomba, na kazi hiyo ilinifundisha mambo ambayo nadhani yafaa kuelezwa. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika hesabu za bendi.

Kwanza nieleze ya kwamba mimi si mpigaji. Sijui gitaa wala tumba, na nikiimba watoto hucheka. Kwetu ni Umwe, hapa Ikwiriri, kando ya barabara kuu iendayo Kilwa na Lindi, na watu wetu ni wakulima wa mpunga, ufuta na korosho. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mpiga besi na kiongozi wa bendi moja ndogo ya watu tisa. Bendi hiyo hupiga katika harusi na sherehe nyingine, hasa baada ya mavuno, maana wakati wa masika watu wako mashambani na mifuko ni mitupu. Magitaa, dramu, spika, amplifaya na jenereta havikuwa mali ya wapigaji. Vilikuwa mali ya mfanyabiashara mmoja, nasi tulimwita tu "mwenye vyombo."

Zamani fedha ziligawanywa usiku ule ule, sherehe ikiisha, kwa mwanga wa tochi. Mjomba alihesabu, mwenye vyombo akachukua fungu lake, na kila mtu akapewa chake mkononi. Hapo ndipo manung'uniko yalipozaliwa. Huyu alisema amepunjwa, yule alisema fedha za kutunzwa waimbaji zimeliwa njiani. Hata siku moja mpiga dramu akakataa kupiga mpaka alipwe kwanza, na bwana harusi akasimama uani na shada lake shingoni, muziki hakuna.

Baada ya aibu hiyo mjomba alikuja nyumbani akaniambia, "Mjomba, wewe si wasoma hesabu za biashara? Njoo utuandikie." Mama alikubali kwa sharti moja, kwamba nisikeshe ngomani. Basi tukapatana hivi: fedha zote za usiku zitiwe katika kopo lenye kufuli, na kopo lifunguliwe Jumapili asubuhi barazani kwa mjomba, mbele ya wote. Nami nikanunua daftari la kurasa 96.

Ukurasa wa kwanza ninao mpaka leo. Malipo ya harusi yalikuwa shilingi 400,000, na fedha za kutunzwa 64,000, jumla 464,000. Petroli ya jenereta ilikula 30,000, kirikuu cha kubeba vyombo 40,000, na nyuzi za magitaa 14,000. Zikabaki 380,000. Nusu yake, yaani 190,000, ilikuwa haki ya mwenye vyombo. Nusu ya pili iligawanywa kwa watu kumi, maana nami walinihesabu, na kila mtu akapata 19,000. Watu hao walikuwa wamefanya mazoezi jioni nne na kukesha usiku mmoja! Nilipoisoma hesabu kwa sauti, pale barazani pakawa kimya. Kisha mzee mpiga tumba akacheka akasema, "Kumbe hatukuibiwa. Ni fedha zenyewe ndizo kidogo." Toka siku hiyo manung'uniko yakapungua.

Sasa mimi nikaanza kujiuliza, je, muziki huu unamlisha nani? Nikampelekea swali hilo mwalimu wetu wa hesabu za biashara. Yeye hakulicheka. Alinieleza habari za okestra kubwa za Ulaya na Marekani, zenye wapigaji themanini au mia moja, wa fidla, zumari, tarumbeta na ngoma, wote wakilipwa mshahara kwa kazi hiyo tu. Mimi nalidhani watu kama hao hawana shida ya fedha. La, hasha! Alinieleza ya kwamba mwaka 1966 wataalamu wawili wa uchumi wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walitoa kitabu kuhusu jambo hilo hilo, na maelezo yao hata mkulima wa Umwe anaweza kuyafahamu.

Tazama shamba. Ekari moja kwa jembe la mkono huchukua siku nyingi, lakini kwa trekta huisha kwa muda mfupi. Kwa hiyo kazi ya mtu mmoja huzaa zaidi kuliko zamani, na mshahara wake waweza kupanda. Lakini wimbo uliotungiwa watu tisa miaka mia mbili iliyopita wataka watu tisa hata leo, na ukichukua nusu saa zamani huchukua nusu saa hata leo. Huwezi kumwambia mpiga tumba apige upesi mara mbili ili harusi iishe mapema. Na mpigaji naye anunua unga sokoni kwa bei ile ile ya mwenye trekta, kwa hiyo ujira wake sharti upande pamoja na ujira wa wengine. Basi gharama za muziki hupanda kila mwaka, na kiingilio cha mlangoni hakiwezi kuzifuata. Kwa sababu hiyo okestra kubwa karibu zote haziishi kwa tiketi peke yake. Ujerumani husaidiwa na fedha za serikali, na Marekani hutegemea sana wafadhili. Tena hata hivyo huweza kuanguka: okestra ya Philadelphia, mojawapo ya zenye sifa kubwa duniani, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake mwaka 2011, na haikutoka humo mpaka mwaka 2012.

Nilipomsimulia mjomba, alisema, "Hayo hata kwetu yalikuwapo." Mjomba katika ujana wake alikaa Dar es Salaam, na anazijua bendi kama wengine wajuavyo timu za mpira. Kutokana na maneno yake, na mengine niliyosoma baadaye, nimejifunza ya kwamba bendi za nchi yetu zimepata kuwa na wenyewe wa namna nne.

Namna ya kwanza ni chama cha wanachama. Unguja, Ikhwani Safaa ilianza mwaka 1905 kama chama cha watu wapendao taarabu. Bara nako ngoma za beni, kama Marini na Arinoti, zilikuwa na wanachama, vyeo na kusaidiana katika shida na misiba. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932.

Namna ya pili ni mwajiri. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda NUTA Jazz, na wanamuziki wakawa waajiriwa wenye mshahara. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA bendi ikawa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na sasa yajulikana kwa jina la Msondo Ngoma. Viwanda na mashirika yakafuata mfano huo. Mlimani Park iliundwa mwaka 1978 na shirika la usafiri na teksi, na shirika hilo liliposhindwa, bendi ikachukuliwa mwaka 1983 na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Hapa mwajiri alikuwa ndiye mfadhili. Bendi ikipata hasara, mshahara watoka kwingine. Lakini mwajiri akiyumba, na bendi yayumba.

Namna ya tatu ni mtu mmoja mwenye vyombo, kama yetu. Mtu kama huyo akiwa na fedha aweza kuita wapigaji wa wengine. Mwaka 1985 mwenye Orchestra Safari Sound aliwavuta wanamuziki kadha wa Mlimani Park, miongoni mwao marehemu Muhidin Gurumo, na bendi moja ikapungukiwa wakati nyingine inanawiri. Wala Gurumo hakuwa mgeni wa kuhama, maana hata Mlimani yenyewe ilianza kwa kuchukua watu wa JUWATA.

Namna ya nne ni wapigaji wenyewe kuwa ndio wenye bendi. Orchestra Maquis, iliyotoka Kongo, ilikuwa na kampuni yake, OMACO. Na Ulaya mwalimu alinipa mifano mitatu. Okestra ya Vienna Philharmonic tangu 1842 hujitawala yenyewe, na toka mwaka 1933 haina hata mwongozaji wa kudumu, humwalika imtakaye. Berlin, mwaka 1882, wapigaji zaidi ya hamsini walimwacha bwana wao Benjamin Bilse alipotaka kuwapeleka Warsaw kwa behewa la daraja la nne, wakaunda okestra yao. London, mwaka 1904, mwongozaji Henry Wood alipiga marufuku desturi ya mpigaji kumtuma mtu mwingine badala yake akipata kazi yenye malipo bora mahali pengine. Sisi mtu huyo twamwita deiwaka. Wapigaji zaidi ya arobaini wakakasirika, wakatoka, wakaunda London Symphony Orchestra, ambayo mpaka leo ni mali ya wapigaji wake.

Mambo hayo yalinitia moto. Jumapili moja niliomba ruhusa ya kusema, nikawaambia wakubwa zangu, "Nasi tuanze mfuko wetu. Kila mtu aache shilingi 2,000 katika kila harusi, mpaka tuwe na chombo kilicho chetu." Walibishana kidogo wakakubali. Harusi moja ilitia 20,000 mfukoni, na kutoka Juni mpaka Oktoba tukapiga harusi tisa. Daftari likasema 180,000. Kopo la mfuko nalikaa nalo mimi nyumbani, chini ya kitanda cha mama.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuparuka, lakini nikiparuka insha hii haina maana. Mwezi wa Oktoba, usiku, mjomba alikuja peke yake. Mtoto wake alikuwa hospitali na fedha zilihitajika upesi. Akaniomba shilingi 60,000 za mfuko, akasema, "Usiandike. Nikiuza korosho nitarudisha, wala hapana atakayejua. Mimi ni kiongozi, sitaki waseme nimekopa." Wasomaji wangu, mjomba huyu ndiye aliyeninunulia sare nilipoingia kidato cha kwanza. Nilifungua kopo nikampa. Sikuandika. Nilijiambia ya kwamba ni siku chache tu.

Mtoto alipona, Mungu asifiwe. Lakini mwezi wa Novemba, juma moja kabla ya harusi kubwa ambayo tulikwisha kupokea malipo ya awali, amplifaya iliungua. Fundi akataka 150,000. Mwenye vyombo akaja barazani akasema, "Chombo kimeungulia mikononi mwenu, kitengenezeni ninyi." Watu hawakufadhaika. Mzee mpiga tumba akasema, "Mfuko upo. Mwandishi, soma."

Nikasoma: 180,000. Kopo likafunguliwa, fedha zikahesabiwa juu ya mkeka mara mbili. Zilikuwa 120,000.

Sijapata kusikia kimya kama kile. Wote walinitazama mimi, maana kopo lilikaa kwetu na ufunguo nalikuwa nao mimi. Nikamtazama mjomba. Yeye alikuwa akitazama mkeka. Nilingoja aseme. Mpiga dramu akauliza, "Mwanafunzi, umezila?" Nikajibu, "Zimetoka shilingi 60,000, na kosa langu ni kwamba sikuandika." Akauliza tena, "Alichukua nani?" Nikanyamaza. Sikuweza kulitaja jina lake mbele ya watu, wala sikuweza kusema uongo. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Hata mwishowe mjomba akasema kwa sauti ndogo, "Nilichukua mimi." Akainuka, akavaa kofia yake, akaingia ndani ya nyumba yake mwenyewe akatuacha barazani.

Mzee mpiga tumba aliuza kondoo wake mmoja akafidia iliyopungua, na amplifaya ikatengenezwa. Harusi tukapiga, lakini besi ilipigwa na deiwaka kutoka Kibiti, ambaye hakuzijua nyimbo zetu. Hapo nilifahamu kwa nini Henry Wood alikasirika.

Baada ya harusi ile wazee wa bendi waliniita. Nalitarajia kufukuzwa, tena nilikuwa tayari. Mzee mpiga tumba akaniuliza jambo moja tu: "Angalikuja kwetu akasema mtoto anaumwa, tungalimnyima?" Nikasema, "Msingalimnyima." Akasema, "Basi ungaliandika, lingalikuwa deni. Kwa kuwa hukuandika likawa wizi. Fedha ni zile zile." Maneno hayo yamenikaa kuliko yote niliyosoma vitabuni kuhusu kazi ya uhasibu.

Hawakunifukuza. Waliweka kanuni, nami nikaziandika katika ukurasa wa mwisho wa daftari. Kopo lina kufuli mbili, na funguo mbili ziko kwa watu wawili wa nyumba mbalimbali. Mwanachama mwenye shida aruhusiwa kukopa, lakini mbele ya wote na kwa maandishi. Kila mwezi mtu asiyekuwa mwandishi huhesabu fedha akatia sahihi. Na kwa mwenye vyombo tulikwenda na daftari mkononi. Tulimwonyesha kwa hesabu jinsi vyombo vilivyompatia fedha toka Juni, tukamwomba gharama za matengenezo ziondolewe kwanza, kama petroli, kabla ya kugawana nusu kwa nusu. Mtu huyu alizoea kuona wapigaji wakija na malalamiko, na safari hii walikuja na tarakimu. Alizisoma mwenyewe ukurasa kwa ukurasa, akakubali.

Mjomba hakurudi kwenye bendi. Miezi mitatu hakufika kwetu, na tukikutana njiani nalimwamkia "Shikamoo," naye aliitikia "Marahaba" bila kusimama. Mama alihuzunika, nami nilihuzunika zaidi. Usiku nilijiuliza kama nilikuwa na haki ya kusema hata maneno yale machache. Nilipoyapima tena naliona ya kwamba kosa langu halikuwa kusema siku ile ya mkutano. Kosa langu lilikuwa kukubali usiku ule wa Oktoba. Kama ningalikataa kwa adabu, na kumwambia, "Mjomba, twende wote kwa mzee sasa hivi tukamwamshe," mtoto angalipata matibabu, na baba yake angaliendelea kuwa kiongozi wa bendi.

Mwezi wa Februari, Jumapili asubuhi, tulikuwa barazani kwa mzee mpiga tumba tukihesabu. Mjomba alitokea akiwa na bahasha. Hakukaa. Aliiweka juu ya mkeka akaniambia, "Mjomba, andika." Nikahesabu: 60,000 kamili. Nikaandika tarehe, nikaandika jina lake, nikaandika "marejesho ya mkopo," kisha nikamgeuzia daftari atie sahihi. Alilisoma neno lile "mkopo" kwa muda, akatia sahihi. Alipokuwa akiondoka mzee alimwita, "Bwana, chai iko tayari." Akarudi akanywa.

Leo bendi inacho chombo kimoja kilicho chake, nacho ni gitaa la besi la mtumba. Ni kidogo mbele ya vyombo vyote vinavyohitajika, lakini hakina nusu ya mtu. Kijana mmoja wa Umwe anajifunza kulipiga, na anayemfundisha jioni, bila malipo, ni mjomba. Amesema hatapanda jukwaani tena, nasi hatumlazimishi.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tutamaliza shule hii na kupewa madaftari ya watu, ya ushirika, ya msikiti, ya timu au ya bendi. Wazazi nanyi mtatupa makopo yenu kwa sababu tumesoma. Nawaombeni jambo moja, mtupe na ufunguo wa pili mkae nao ninyi. Mwandishi wa hesabu ni mtu, tena ana wajomba. Yafaa asaidiwe asije akaachwa peke yake na kopo usiku, mlango ukigongwa na mtu ampendaye.